Pumzika, Mama

Katika adabu zetu za watu wa pwani, sijui neno la upole analoambiwa mwanamke mtu mzima linalolizidi hili: pumzika. Akiinuka kuchukua ndoo, mjukuu huikimbilia. Akiinama kuokota ufagio, mkwewe humpokonya kwa tabasamu. Akisimama jikoni huvutiwa kiti, na akishakaa huletewa kigoda cha kuwekea miguu. "Mama, kazi umeshafanya ya kutosha. Pumzika." Neno hili lina mapenzi ndani yake, na lina fahari pia, kwa kuwa mtoto awezaye kumpumzisha mama yake ni mtoto aliyefanikiwa, na majirani wote huliona hilo. Mimi nami, tangu nilipovuka miaka hamsini na hedhi yangu ikakoma, nimeanza kuambiwa hivyo na vijana wa mtaani kwetu Boko, baada ya shikamoo zao za adabu. Nalipokea kwa shukrani. Hata hivyo, kila nilisikiapo nalipima, kama mfasiri apimavyo neno lenye maana mbili ilhali mojawapo ina madhara.

Msomaji wa visiwani ambaye hajafika Boko ajue kwamba ni kitongoji cha Kinondoni, kando ya Barabara ya Bagamoyo, baina ya Tegeta na Bunju. Palipokuwa na minazi na mikorosho, leo pana nyumba zenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Si mbali nasi kipo kilima cha Wazo, ambacho mwili wake ni chokaa iliyotokana na matumbawe ya bahari ya kale, na kiwanda cha saruji kimekuwa kikikitafuna tangu mwaka 1966. Katika mitaa hii wamo wanawake wengi wa umri wangu na zaidi ambao hawakuzaliwa hapa. Wametoka Rufiji, Lindi, Tanga, Unguja na Pemba, wakaja kwa watoto wao. Mtoto amejenga, akasema mama aje akae nami. Huko walikotoka walilima, waliteka maji, walitwanga, walipanda na kushuka. Hapa bomba limo uani, unga huja umeshasagwa, nazi hukunwa kwa mashine, na geti hufunguliwa na kijana wa kazi. Kinachowabakia ni kiti, runinga na dirisha.

Mama mkubwa wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtu wa Jambiani, na tangu kilimo cha mwani kilipoanza upande ule wa mashariki ya Unguja mwaka 1989, alikuwa miongoni mwa wanawake walioifuata bahari kwa saa zake. Maji yakipwa aliingia, yakianza kujaa alirudi na gunia la mwani mbichi kichwani. Alipopita miaka sitini, mwanawe aliyejenga Boko alimleta kwake na kumwekea chumba kizuri chenye kitanda kirefu na zulia. Alikatazwa hata kufua leso zake. Miaka minne aliishi hivyo. Akanawiri, ngozi ikang'aa, na wageni wakasifu kwamba mama ametunzwa. Mwaka wa tano aliteleza bafuni, akajizuia kwa kiganja, na mfupa wa kifundo cha mkono ukakatika. Lilikuwa anguko dogo, la mtu aliyekuwa amesimama tu. Mwaka haujesha akajikwaa kwenye zulia lile usiku akienda msalani, akavunjika nyonga.

Daktari aliyeitazama picha alituambia kwamba mifupa yake ilikuwa imepungua mno. Mama mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Nilipokuwa nikibeba sikuvunjika. Nimevunjika nilipobebwa."

Sisemi kwamba kauli ile ni ushahidi wa kitabibu. Umri nao ulikuwa na sehemu yake, na zulia lilikuwa na sehemu yake. Lakini kauli ilinisukuma nitafute, kwa njia yangu ya kujifunza bila mwalimu, ni nini hasa hutokea ndani ya mfupa wa mwanamke ambaye hedhi yake imekoma. Niliyoyapata yamenifanya nimheshimu zaidi marehemu.

Tumezoea kuudhani mfupa kuwa kitu kikavu, kama mti uliokwisha kukatwa. Kumbe ni kitu hai, kinachobomolewa na kujengwa siku zote. Zimo ndani yake seli zenye kazi ya kumega mfupa uliochakaa, na zimo nyingine zenye kazi ya kujaza palipomegwa. Maadamu makundi hayo mawili yanakwenda sawa, mfupa hubaki imara. Homoni ya estrojeni, ambayo mwanamke huwa nayo kwa wingi katika miaka ya uzazi, huwazuia wale wamegaji wasivuke mpaka. Hedhi inapokoma, ambalo aghalabu hutokea baina ya miaka 45 na 55, estrojeni hupungua ghafla, na wamegaji huwatangulia wajenzi. Katika miaka mitano hadi saba inayofuata, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Hasikii maumivu wala haoni dalili. Siku ya kuvunjika ndiyo mara nyingi siku ya kwanza ya kujua.

Wazanzibari hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani wanaishi katikati ya mfano wake. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na kila mwenye nyumba anajua kwamba chokaa ya mwaka huu haitoshi mwakani. Lazima ukuta upigwe lipu tena na tena, la sivyo mvua huingia ndani yake pole pole huku sura ya nje ikiwa ile ile. Beit al-Ajaib ilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, vumbi lilikuwa la siku moja lakini udhaifu ulikuwa wa miaka. Kalsiamu iliyomo katika chokaa ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika mfupa, ijapokuwa michanganyiko yake ni mbalimbali. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa wakizungumza na sisi pia.

Ni nini basi kinachoziba ufa? Chakula kimo, na nitakifikia. Lakini kuna jambo ambalo chakula peke yake hakiliwezi. Mwaka 1892 daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Julius Wolff, alichapisha kitabu alichoeleza ndani yake kwamba mfupa hujijenga kwa kuufuata mzigo unaoubeba. Unapolemewa huongeza nguvu pale palipolemewa. Usipolemewa hujipunguza, kama tajiri apunguzaye vibarua shambani lisilo na mavuno. Mchezaji wa tenisi huwa na mfupa mnene zaidi katika mkono unaoshika raketi kuliko katika ule mwingine. Wanaanga, ambao huko juu miili yao haina uzito wa kubeba, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa kila mwezi, ingawa ni watu wenye afya waliochaguliwa miongoni mwa maelfu. Kwa maneno mengine, tukimwondolea mtu mzigo wote, tunampeleka angani hali bado amekaa sebuleni Boko.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi niliyowahi kupewa na akina mama wa mtaani, ya kuwafasiria karatasi ya mafunzo kuhusu maradhi haya. Jina lake la kitaalamu limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja la mfupa na jingine la kitundu. Lugha yetu ina mhazigi wa kuuunga mfupa uliovunjika, lakini neno moja lililozoeleka la mfupa unaopungua kimya kimya sikuliona. Niliandika "mifupa kuwa mitupu", nikafuta, kwa kuwa si mitupu. Nikaandika "udhaifu wa mifupa", ambalo hutumika, ijapokuwa halisemi udhaifu wa namna gani. Kilichonikalia sawa ni kitenzi. Ile karatasi ilihimiza mazoezi ambayo mifupa hubeba uzito wa mwili, na kubeba kwa Kiswahili ni neno la heshima. Mama hubeba mimba, hubeba mtoto mgongoni, hubeba ndoo, hubeba siri, hubeba lawama za ukoo. Maisha yake yote tumemhesabia utu wake kwa anachobeba, kisha afikapo umri fulani tunampokonya vyote kwa siku moja na kuuita upokonyaji huo heshima.

Upo ukimya pia. Binti anapovunja ungo hufundwa, na mwali hupewa somo. Anayeolewa husindikizwa na mawaidha. Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi mzima wa wosia. Anayejifungua hukandwa na kulazwa arubaini. Lakini mwanamke ambaye hedhi yake imekoma hana somo, hana ngoma, hana wosia. Anaambiwa tu kwa tafsida kwamba sasa ni mtu mzima, kisha anaoneshwa kiti.

Si kila jamii ya nchi yetu ndivyo ifanyavyo. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao wengi wao wameishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Katika miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa nao na kuhesabu saa za kazi za kila mtu. Waliona kwamba bibi waliokwisha kupita umri wa kuzaa walitumia saa nyingi zaidi porini kuliko wanawake vijana, wakichimbua mizizi kwenye ardhi ngumu kwa vijiti vilivyochongwa. Katika maandishi yao ya mwaka 1997 walieleza kwamba mama anapokuwa na mtoto mchanga, kunenepa kwa mtoto aliyeachishwa ziwa huenda pamoja na juhudi za bibi yake. Wakatoa hoja kwamba huenda ndiyo sababu mwanamke amejaliwa miaka mingi ya kuishi baada ya uzazi kukoma: jamii ilimhitaji akiwa na nguvu. Jungu kuu halikosi ukoko, nasi tumekuwa tukilisuuza na kulipandisha darini.

Uko pia uchunguzi wa wanawake wazee wa vijijini Gambia, uliochapishwa mwaka 1996. Ulikuta madini machache katika mifupa yao kuliko ya wanawake wa Uingereza, wala chakula chao hakikuwa na kalsiamu nyingi. Lakini kuvunjika mifupa kwa ajili ya uzee kulikuwa nadra kwao. Sababu zaweza kuwa nyingi. Sishangai kama mojawapo ni kwamba walikuwa hawajaoneshwa kiti.

Nikitazama nyuma katika nyumba za pwani naona kwamba mazoezi tulikuwa nayo, ila hatukuyaita hivyo. Kutwanga kwa mchi na kinu ni kuinua uzito kwa mikono miwili na kuushusha kwa kishindo kinachofika kwenye nyayo. Kukuna nazi juu ya mbuzi ni kukaa chini na kuinuka. Hata sala, ambayo ni ibada wala sitaki kuishusha iwe mchezo wa viungo, inampa mwili sehemu yake: mwenye kutimiza faradhi tano husimama, hurukuu na kusujudu katika rakaa 17 kwa siku, na miguu inayomwinua kutoka kwenye mkeka ndiyo itakayomzuia asianguke bafuni.

Hata hivyo, naogopa kuusifu mzigo kupita kiasi, maana wako wanaouvunjikia. Kunduchi, si mbali nasi, wamo wanawake waliojipatia riziki kwa miaka mingi kwa kugonga mawe wapate kokoto za kuuza. Hukaa juani, nyundo mkononi, vumbi kifuani, na hakuna anayewaambia wapumzike. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, ukaonesha kwamba waliweza kubeba kichwani mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya aliyetembea mikono mitupu. Mwanamke wa kilo 60 hubeba kilo 12 kana kwamba hana kitu. Ni hodari kweli kweli. Lakini wengi hubeba zaidi ya hizo, tena kila siku na tangu utotoni, na shingo na magoti hudai malipo yake. Mzigo unaoujenga mfupa una kipimo, una siku za kupumzika baina yake, na una sahani ya chakula baada yake. Usiokuwa na hayo ni mateso tu. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nawatamania wanawake wa Boko nyundo za Kunduchi. Natamani tu mwenye kiti apate mzigo kidogo, na mwenye nyundo apate kiti kidogo.

Kipimo chenyewe kinajulikana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima, na wenye miaka 65 na zaidi wakiwamo, watembee au wafanye shughuli ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wazee huongezewa mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi. Kutembea ni kwema kwa moyo, na wahenga walikwisha kusema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Ila kwa mfupa kutembea peke yake ni haba. Mfupa hutaka kushitushwa kidogo: kupanda ngazi, kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, kunyanyua kidumu cha maji cha lita tano, kusimama kwa vidole na kushuka kwa visigino, kusimama kwa mguu mmoja huku ukuta uko karibu. Huko Queensland, Australia, wanawake 101 waliopita miaka 58, ambao mifupa yao ilikuwa imekwisha kupungua, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito na kuruka, kwa dakika 30 mara mbili kwa wiki, chini ya macho ya mwalimu. Jingine lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Baada ya miezi minane, kama matokeo ya mwaka 2018 yaonyeshavyo, mfupa wa kiunoni wa kundi la kwanza ulikuwa umeongezeka kwa karibu asilimia 3, na wa kundi la pili umepungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1.

Neno muhimu hapo ni mwalimu. Aliyekwisha kuvunjika, au ambaye kimo chake kinapungua na mgongo unapinda, asianze bila kumwona daktari, na asiiname kwa mgongo uliopinda kunyanyua kitu kizito, kwa sababu pingili za uti wa mgongo zinaweza kubonyea. Na katika chakula, asidharau vya kwetu: dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa kwa anayeyaweza, ufuta, ubuyu. Jua tunalo mwaka mzima, nalo huusaidia mwili kutengeneza vitamini D. Mwanamke anayeshinda ndani ya kuta hulikosa ilhali liko juu ya bati lake. Tena nyumba yenyewe ikaguliwe: zulia linalokunjika, vigae vyenye maji, njia ya msalani isiyo na taa. Katika nchi zilizofanya hesabu, kiasi cha mtu mmoja katika watano waliovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kwisha. Mama mkubwa wangu alikuwa katika hesabu hiyo.

Visiwani mna desturi njema ya vikundi vya mazoezi kukusanyika kila tarehe 1 Januari. Bara nako, Disemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Nimewaona vijana wakipita kwa nyimbo na fulana za rangi moja. Bibi zao huwatazama kupitia dirishani.

Ninapowafikiria bibi hao humkumbuka Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyetutoka tarehe 17 Aprili 2013 akiwa na umri ambao hakuna aliyeujua kwa hakika. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, wakati wenzake wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kuzikwa au kukalishwa. Alijifunga ngoma kiunoni, akasimama nayo akaipiga, akawafunda wali. Sigara zake sitamwigiza mtu, na mifupa nayo haizipendi. Lakini ile ngoma kiunoni kwake haikuwa mzigo aliosahau kupokonywa. Ilikuwa kazi yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia aiweke chini.

Akina mama wa mtaani kwetu sasa hukutana alfajiri mara tatu kwa wiki kwenye uwanja wa mchanga, na kwa kuwa zamani kila mchi ulikuwa na wimbo wake, waliniomba niwatungie cha kuhesabia pumzi. Niliwapa ubeti huu, nao wanausema wakiinuka na kushuka:

Inuka mama inuka, usishinde mkekani,
Mfupa huimarika, ukiutia kazini,
Ufa usipozibika, ukuta hulala chini,
Shika mchi wa kinuni, bado hujamalizika.

Kwa mabinti na wakwe, ombi langu ni dogo. Msiache kusema "pumzika, mama", kwa kuwa neno hilo ni mapenzi na mapenzi hayatupwi. Liwekeni tu mahali pake, baada ya kazi. Mwacheni kwanza apepete mchele, amwagilie mchicha wake, aende gengeni kwa miguu yake na kurudi na kikapu chake mwenyewe. Akishafika, mpokeeni kikapu, mvutieni kiti, mpeni maji ya kunywa. Hapo ndipo mwambieni.